Ushuhuda wa Nusu

Kipngetich, mchimbaji wa udongo mweupe kule Kariandusi, alipoona damu kwenye choo kwa mara ya pili hakungoja. Alikwenda Nakuru na mkewe, Cheruto. Daktari Awuor alimtoa damu ya kupima, na baadaye akamwingizia kamera ya utumbo.

"Kamera haijaona kitu," daktari akasema.

Cheruto akapiga magoti palepale kumshukuru Mungu.

"Ngoja, mama. Damu yake ina alama zinazoachwa na seli za saratani ya utumbo mpana. Huenda kipimo kimekosea. Huenda kitu chenyewe bado ni kidogo, kimejificha. Lazima arudi tupime tena."

Lakini Cheruto alishachukua nusu ya kwanza ya majibu akaondoka nayo. Jumapili kanisa zima lilikuwa likimngoja mumewe.

"Sema umepona," alimnong'oneza. "Watu wamefunga na kuomba kwa ajili yako, Baba Chelimo."

Kipngetich akasimama. "Kamera haikuona kitu," alisema, na vigelegele vikaimeza sauti yake kabla hajafika kwenye "lakini".

Tangu hapo hakuwa na pa kupenya. Siku ya kurudi hospitali ilipita. Cheruto alisema kwenda ni kumtukana Mungu. Kipngetich akikunja uso kwa maumivu, watu walimtazama kama asiye na imani. Wagonjwa walimjia wamshike mkono, naye akautoa, jasho likimtoka.

Kisha akaja Naliaka, mjane mwenye uvimbe kwenye titi. "Nimeacha dawa za hospitali, ndugu. Kama wewe."

Jumapili iliyofuata Kipngetich alisimama bila kuitwa.

"Dada Naliaka, rudia dawa zako. Mimi sijaambiwa nimepona. Damu yangu ina alama, na kesho narudi Nakuru."

Hakuna aliyeitikia amina. Naliaka alitoka nje akilia. Cheruto aliinamisha kichwa, asikiinue mpaka ibada ikaisha.

Kipngetich alikwenda Nakuru peke yake. Majibu yalipotoka, alama zilikuwa zimeongezeka, na safari hii kamera ilikuta kivimbe kwenye kona ya utumbo.

"Tumekiwahi," Awuor alisema. "Utapasuliwa."

Kipngetich akampigia mkewe simu, akamweleza yote.

"Sasa," Cheruto akasema, "watu tutawaambia nini?"