Pikipiki ya Theodory

Yeremia alikuwa fundi wa karakana katika shamba moja la mkonge nje ya Kilosa, enzi za Mwingereza. Kazi yake ilikuwa mitambo ya kuchakata mkonge, matrekta, na pikipiki moja tu: ile ya Nikolaus, dresa aliyezunguka kambi za vibarua manamba hadi Mikumi akisafisha vidonda na kudunga watu sindano.

Asubuhi moja Nikolaus aliisukuma pikipiki hadi mlangoni mwa karakana.

"Fundi, taa ya breki haizimiki. Jana imenimalizia betri."

Yeremia hakuona ajabu. Alipiga magoti nyuma ya gurudumu. Springi inayovuta swichi ilikuwa imelegea, akaibadilisha. Swichi ilijaa tope kavu, akaisafisha kwa petroli. Waya ulichubuka chini ya kiti ukawa unagusa chuma, akauzungushia utepe. Akakanyaga pedeli, taa ikawaka. Akaachia, ikazima.

Kesho yake Nikolaus akarudi, taa inawaka nyekundu mchana kweupe.

"Inaanzia wapi?" Yeremia aliuliza.

"Nikitoka hapa iko sawa. Nikishapita kijiji cha Ulaya, pale kwenye korongo kubwa, pikipiki inakuwa nzito kama inavutwa. Basi, kuanzia hapo haizimiki tena."

Yeremia alilijua korongo lile. Kabla ya Nikolaus, pikipiki ile ilikuwa ya Theodory, dresa wa zamani. Masika ya mwaka uliopita ilikutwa kando ya korongo hilo hilo, imesimamishwa vizuri kwa stendi yake, mwenyewe hayupo. Watu walimtafuta porini wee, mwishowe wakasema ni simba. Mkewe, Perpetua wa Chanzuru, alikataa kuweka matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona.

"Twende wote," Yeremia akasema. "Nataka kuiona ikiwaka."

Akapanda nyuma. Walipita Ulaya jua likiwa kali. Korongo lilipoonekana, Yeremia aliinama ubavuni aitazame pedeli. Miguu ya Nikolaus ilikuwa mbali nayo. Pedeli ikaanza kushuka. Ilishuka taratibu, kama inavyokanyagwa na dereva mwangalifu, ikabaki chini. Pikipiki ikasimama, injini ikazima.

"Umefunga breki?"

"Sijagusa kitu, fundi."

Yeremia aliishika pedeli kwa mikono miwili akaivuta juu. Haikusogea. Akachomoa waya wa betri. Taa ikaendelea kuwaka. Hapo akarudi nyuma, maana umeme aliujua, na huo haukuwa umeme.

Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya ndege. Bila kuambizana, waliteremka korongoni. Mwaka ule mvua ilichelewa, na upepo ulikuwa umekomba mchanga. Chini kidogo, kwenye mizizi ya mkuyu, palichomoza mkanda wa ngozi.

Nikolaus aliutambua. "Ni wa mkoba wa dawa."

Wakafukua. Mkanda ulikuwa umezunguka mifupa ya watu wawili, mmoja mgongoni kwa mwenzake.

"Theodory alikuwa na mgonjwa," Nikolaus alisema kwa sauti ndogo. "Alimbeba kumvusha, akamfunga asichukuliwe na maji."

Waliuliza kambi ya jirani. Nyapara alikumbuka kwamba masika yale manamba mmoja aliyekuwa hoi kwa homa alitoweka. "Sisi tulijua katoroka," alisema. Jina lake hakulikumbuka.

Polisi walikuja, wakaukata ule mkanda. Mifupa ya Theodory ikatiwa kwenye sanduku ipelekwe Chanzuru. Ya yule manamba ikashonewa kwenye gunia, ikasemwa itazikwa kambini.

Jioni Yeremia na Nikolaus walifika msibani kwa pikipiki ile. Pedeli ilikuwa imerudi juu yenyewe, lakini taa ilizidi kuwaka, na wekundu wake ukaangaza ukuta wa nyumba ya marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu." Perpetua, aliyekwisha kusimuliwa yote, aliutazama ule ukuta. "Na mwenzake yuko wapi?"

"Kambini, mama. Watamzika huko."

"Mume wangu alimfunga mgongoni kwake. Nani kawaambia wamfungue?"

Nikolaus alirudi kambini na vijana wa jirani kulichukua gunia, naye Yeremia akabaki uani peke yake na pikipiki, akiipa mgongo, kwa sababu hakutaka kuitazama. Walipoliingiza gunia ndani na kuliweka karibu na sanduku, alisikia nyuma yake springi ikilia kidogo, kama mtu ameondoa mguu. Wekundu ukatoka ukutani.

Alijikaza, akageuka, akaigusa pedeli. Ilikuwa imelowa, na vidole vyake vikatoka na mchanga wa mtoni. Tangu Novemba hapakuwa na tone la mvua Chanzuru.

Ndani ya nyumba, Perpetua alianza kulia. Alilia usiku ule wote na kesho yake hadi makaburini, ambako wote wawili walizikwa katika shimo moja. Msalaba wao uliandikwa jina la Theodory, na chini yake likaachwa pengo. Hakuna aliyewahi kuja kulijaza.