Mawe Mawili ya Wodi ya Idsowe

Maji yalipofika kizingitini, Tuneya alikunja mkeka, akamshika mkono mjukuu wake Swaleha, wakapanda kwenye kiwanja cha wodi ya akina mama. Katika Idsowe nzima, hapo tu ndipo palipobaki pakavu, maana palijazwa kifusi mara mbili. Wodi yenyewe haikuwapo. Yalikuwapo mawe mawili ya msingi, moja la kila rais aliyekuja kuizindua, na tangu la pili liwekwe yalikuwa yakibishana kila alasiri kwa sauti za marais wenyewe.

La kwanza watu waliliita Kofia, kwa kofia ya rais wake. La pili waliliita Ndege, kwa sababu rais wake alishuka na ndege akapanda tena kabla mapanga yake hayajaacha kuzunguka.

Swaleha alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Tuneya, aliyezalisha nusu ya kijiji, alimpapasa tumbo, akakuta mtoto amelala upande. Abdulsalam wa bodaboda alijaribu njia ya Garsen kutafuta daktari, akarudi akisukuma pikipiki, maji yamemfika kiunoni.

"Mimi nilianza karani wa bandari," Kofia lilikuwa likisema, "nikatawala mpaka nywele zikaisha. Barabara hii ni yangu."

"Iliishia kwenye shamba la rafiki yako," Ndege likajibu. "Mimi nilikuwa wakili. Niliwatetea wale uliowafunga."

"Kisha ukawafunga tena."

"Kwa sheria nzuri zaidi. Na nguzo za stima nani alizileta?"

"Nyaya ziko wapi, wakili?"

Swaleha alipiga ukelele. Kofia likamwambia apunguze sauti, haya ni mambo ya taifa. Ndege likamuuliza kama ana kadi ya kura.

"Waheshimiwa," Tuneya akasema, "kitendawili!"

"Tega!" yakaitikia kwa pamoja.

"Nyumba yangu haina ukuta wala paa, na imefunguliwa mara mbili."

Mawe yakafikiri. Kofia likasema ni kaburi. Ndege likasema ni mdomo wa mpinzani. Tuneya akatikisa kichwa.

"Basi tukupe mji," Kofia likasema. "Chukua Garsen."

"Ongeza na Bangale," Ndege likasema, lisipitwe kwa ukarimu.

"Sitaki miji, baba zangu. Nipeni kitanda kimoja na daktari wake."

"Kitanda hakitolewi kwa kitendawili, mama," Ndege likasema kwa upole. "Kina utaratibu."

"Hapo nakubaliana naye," Kofia likasema. Hayakuwahi kukubaliana kabla ya siku hiyo.

"Bibi, wape jibu lao," Swaleha akasema. "Nimechoka kuwasikiliza."

"Jibu ni hapa tulipolala."

Mawe yakasema kitendawili hicho hakikuwa cha haki, yakamwagiza arudishe miji. Tuneya akairudisha. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Jua halijatua, Swaleha akafa, na mtoto ndani yake. Mawe yakabishana ahesabiwe katika utawala wa nani. Kofia likasema enzi zake wanawake waliokufa hivi walikuwa wachache. Ndege likasema walikuwa wale wale, ila ilikatazwa kuwataja.

Makaburini kulikuwa bado na maji, kwa hiyo kesho yake wanaume walichimba pale pale kiwanjani, katikati ya mawe. Hawakuhitaji kutafuta mengine ya kichwani na miguuni. Kofia lilidai kichwani kwa ajili ya umri, Ndege likadai kwa ajili ya kura, na kwa kuwa hayakuweza kuhama, kila moja likabaki pale lilipowekwa na serikali.

Mto ulirudi kwenye kingo zake. Sasa wanawake huja alasiri kumsomea Swaleha Yasini. Kwanza hungoja mawe yamalize kuhutubia, na yakichelewa, husoma kimoyomoyo, wakarudi kupika. Jirani yao Ubah husoma akiwa amesimama, kwa sababu mimba yake imefika miezi minane na kuketi chini humsumbua.