Ushahidi wa Waziri Mkuu

Miaka ishirini na tatu Kheiria hakunywa kahawa nyumbani kwa Msellem. Kuja alikuja. Harusi alikuja, matanga alikuja, na Idi alipita na sahani ya haluwa kama watu wote. Lakini akishamiminiwa finjani aliipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, na hapo hukaa mpaka ikapoa. Nao waliorudi Omani kutoka Unguja waliijua desturi hiyo sawasawa: mgeni akiweka finjani chini bila ya kuionja, ana haja kwa mwenye nyumba, na hanywi mpaka atimiziwe.

Mwanzo Msellem alikuwa akimuuliza.

"Una haja gani, binti ami?"

"Unaijua."

Akaacha kuuliza. Haja aliijua kweli. Kheiria alitaka kuambiwa nani aliyemuuza kaka yake, Thabit.

Habari yenyewe ni ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Msellem na Thabit, watoto wa baba wakubwa na wadogo, walipelekwa kusoma huko mwaka wa sitini na tatu. Walikaa chumba namba kumi na nne, wao wawili na kijana wa Kibulgaria, Ognyan Radulov, mtoto wa fundi viatu. Nyumbani Unguja mambo yakapinduka, watu wakafungwa, na Thabit akaandika barua kali kuwahusu waliofungwa akaipeleka kwenye gazeti moja la Ulaya, bila ya jina. Ilipotoka, haukupita mwezi. Aliitwa ofisini, akapandishwa ndege na nguo alizovaa. Unguja alipokewa uwanja wa ndege na watu wasiomsalimia. Alikufa jela mwaka wa pili na kaburi lake halikuonyeshwa mtu.

Waliojua kwamba barua ile ni ya Thabit walikuwa wawili: Thabit mwenyewe, na Msellem aliyemshikia mshumaa wakati anaandika. Mmoja kafa. Kheiria hakuhitaji kwenda shule ili kufanya hesabu hiyo.

Msellem aliapa kwa kila alichoweza kuapia. Hakumtaja Thabit kwa mkubwa yeyote, si wa ubalozi wala wa polisi, wala kwa Mzanzibari yeyote. Na akiulizwa kuhusu yule Mbulgaria wa chumbani alikuwa anakasirika. "Ogi? Ogi alilia kuliko mimi. Siku ile mimi natetemeka, sijui ni baridi au ni khofu, akavua koti lake akanivika. Mtu anakupa koti lake kwenye barafu, utamshuku nini?"

Koti hilo alikuja nalo mpaka Maskati. Zito, la sufi nyeusi, lina vifungo kama visahani. Lilitundikwa kabatini nyumbani kwake Ansab, limejazwa karafuu nondo wasilile, katika nchi ambayo mtu akitoka nje saa nne asubuhi ukosi unalowa.

"Hili koti tunalifuga?" mkewe, Mahbuba, alikuwa akimuuliza. "Maana kama linakula, niambie, nilinunulie na majani."

"Liache. La rafiki yangu."

Rafiki yake akapanda. Msellem alimfuata kwa redio, usiku wa mawimbi mafupi, na kwa magazeti aliyoyaokota bandarini Matrah alikokuwa karani: mabaharia wa Bulgaria walikuwa wakiyaacha na yeye akiyakata kwa mkasi wa jikoni. Radulov katibu wa vijana wa chama. Radulov naibu waziri wa biashara ya nje. Chama kilipoanguka, Msellem alidhani kwisha habari yake. Kumbe Radulov alikwisha kutoka chamani wiki tatu kabla, na akaonekana juu ya jukwaa la wapinzani na skafu shingoni, anawaambia watu kwamba moyoni alikuwa nao siku zote. Mwaka wa tisini na nne akawa Waziri Mkuu. Msellem aliigonga picha yake ya gazetini kwa misumari ukutani sebuleni, karibu na Kaaba ya velvet.

"Jirani mzuri umempatia," akasema Mahbuba.

Mwaka wa tisini na tano tangazo likaja kwamba Waziri Mkuu wa Bulgaria atazuru Omani siku tatu, na wakubwa wakatafuta mtu anayejua lugha yake. Wanaojua Kirusi walikuwepo. Wa Kibulgaria alipatikana mmoja, karani wa bandari mwenye miaka hamsini na mbili. Akashonewa dishdasha mpya, akafungiwa kilemba na mtu anayejua, akapelekwa kwenye hoteli ya Bustan.

Radulov alikuwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe pe. Alimtazama mkalimani wake mara moja tu. Akamkumbatia mbele ya walinzi, akamwita kwa jina la utani la chumba namba kumi na nne, na Msellem akashindwa kutafsiri kwa dakika nzima.

Mkutanoni asubuhi ile kahawa ilipoletwa, Radulov aliipokea finjani akaiweka chini, akafunga mikono tumboni. Wakubwa wakatazamana. Mmoja akacheka, akauliza kwa Kiarabu mgeni ana haja gani. Radulov akataja mashine zake za kunyanyulia mizigo, ambazo mazungumzo yake yalikuwa yamekwama tangu mwaka uliopita. Chumba kizima kikacheka, na mkubwa aliyeketi kati akasema litatazamwa kwa jicho jema. Radulov akainua finjani, akanywa.

"Nani aliyekufundisha?" Msellem akamuuliza kwenye ujia.

"Wewe, mjinga wewe. Sofia. Tulikuwa tunakunywa ile shayiri ya kuchoma na wewe unatusimulia habari za bibi yako. Mimi nikisikia kitu hakinipotei."

Msellem alitembea siku nzima kama mtu aliyetiwa manukato.

Ndipo alipomwomba. Robo saa tu, kesho baada ya alasiri, kuna mtu wa kumwona. Dada yake Thabit. Radulov alisimama akalitazama dirisha, bahari ya Bustan ikimetameta.

"Thabit," akasema. "Bila shaka. Mlete."

Kheiria alikuja kutoka kwake Sib na buibui lake jeusi na uso usiofunga wala kufungua. Alikaa kwenye kochi la hoteli, mgongo umenyooka. Mhudumu akamimina. Kheiria akaipokea finjani, akaiweka chini juu ya meza ya kioo, na mlio wake ukasikika.

Msellem hakuhitaji kumweleza Waziri Mkuu maana yake.

"Mwambie," Kheiria akasema, macho yake kwa mzee yule mzungu, "mimi sina elimu yenu. Nnataka kujua kitu kimoja. Mlikuwa watatu chumbani. Kaka yangu alisemwa. Huyu mkalimani wako ndiye aliyemsema?"

Msellem akatafsiri.

Radulov aliinama mbele, akaweka mkono kifuani. Alizungumza taratibu, sentensi moja moja, kama anavyozungumza mtu anayejua kwamba atafasiriwa. Mwambie bibi huyu kwamba kaka yake alikuwa kijana shujaa kuliko sote. Mwambie mimi nimekuwa mkuu wa serikali, nimesoma karatasi ambazo watu wengine hawazioni, na ninampa neno langu: Msellem hakuwahi kumsema Thabit kwa mkubwa yeyote. Ndugu huyu ni mtu safi. Nani alisema, Mungu ndiye anayejua. Nyakati zile kuta zilikuwa na masikio.

Msellem alitafsiri yote, na mwisho machozi yakawa yanaingia masharubuni.

Kheiria akaichukua finjani. Kahawa ilikwisha kupoa. Akainywa mikupuo mitatu, akaitikisa kidogo kuonyesha imetosha, akaiweka.

"Ghofira, bin ami," akamwambia Msellem. "Nisamehe."

Ijumaa ile alikuja Ansab akanywa finjani tatu, na Mahbuba akaenda jikoni kulia kwa nafasi.

Radulov hakumaliza mwaka. Mkate ulipanda, watu wakaja chini ya madirisha yake na masufuria, akajiuzulu; baadaye akarudi bungeni kwa chama cha tatu, akawa mzee wa kushauri watu. Msellem aliendelea kukata magazeti. Kila Ijumaa Kheiria alikuja kwake, au yeye akaenda Sib, na miaka kumi na miwili ikapita hivyo.

Mwaka wa elfu mbili na saba mwanawe Murshid, ambaye alikuwa na kompyuta ofisini, akamletea karatasi.

"Baba, hili si jina la rafiki yako? Wamefungua mafaili ya polisi wa siri. Wametoa orodha ya waliokuwa wakiwapelekea habari."

Msellem akavaa miwani. Radulov, Ognyan. Tangu elfu moja mia tisa na sitini na mbili.

"Watu wanazuliwa mambo," akasema, akairudisha karatasi.

Lakini usingizi ulikataa siku nane. Ya tisa akaandika barua Sofia kuomba faili la Thabit, yeye ndugu wa marehemu. Baada ya miezi minne ikaja bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na kurasa tatu, zimepigwa taipu, na saini ya uongo chini. Ila mwenye kuandika alikuwa na tabia ya kuandika neno moja kwa mkono pembeni, na mkono ule Msellem aliujua kama wa kwake.

Alisoma amekaa kitandani. Akasoma tena. Akafungua kabati, akalitoa koti, akalipeleka kwenye pipa la taka nje, akarudi akaoga.

"Umelitupa?" Mahbuba akauliza. Safari hii hakuna mzaha.

"Nitie maji ya udhu. Nnakwenda Sib."

"Leo si Ijumaa."

"Nnajua siku."

Kheiria alifurahi kumwona. Umri ulikwisha kumkalia magotini, hakuinuka, lakini dele la kahawa aliliinua mwenyewe. Akamimina, akampa. Msellem akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka chini.

Kheiria aliitazama finjani. Akamtazama yeye.

"Una haja gani, bin ami?"

"Nataka nikusomee kitu kwanza."

"Kimeandikwa nini?"

"Kibulgaria."

"Basi hata ukinisomea bei ya vitunguu, nitakujibu amina." Alikuwa akicheka bado. "Soma."

Alisoma akifasiri. Tarehe. Chumba namba kumi na nne. Kwamba barua iliyotoka katika gazeti la nje imeandikwa na mwanafunzi Thabit. Kisha akamwonyesha neno la pembeni: saini ya chini ni ya uongo, lakini mkono huu ni wa Ognyan. Kicheko cha Kheiria kikaisha kidogo kidogo, kama taa inayokatwa mafuta.

"Yule aliyekaa pale Bustan? Aliyeweka mkono hapa?"

"Yeye."

"Na akaninywesha kahawa juu ya kaka yangu."

"Ndiyo."

"Mwanaharamu." Alilisema bila ya kupandisha sauti. "Basi yamekwisha, Msellem. Wewe umesafika mara mbili. Kunywa."

Hapo alikuwa na nafasi ya kukunja karatasi. Ulikuwa umebaki mstari na nusu, na tangu Sib mpaka Bustan hapakuwa na mtu mwingine aliyemjua yeye wa kuusoma. Kheiria angeshika finjani ile na kumpa mkononi. Msellem aliutazama mstari mpaka herufi zikaanza kuogelea.

"Haijesha," akasema.

"Haya."

"'Habari hii nimeipata kwa mwenzake M., ambaye ananiamini kabisa. Siku ya kuondoshwa nimempa koti langu ili asinishuku. Naomba nipatiwe jingine.'"

Nje mtu alikuwa akipita na gari anauza maji.

"Ulimwambia wewe."

"Nilimwambia. Tulikuwa tunamenya viazi jikoni kwenye bweni. Ogi akaisoma ile barua kwenye gazeti, akasema huyu aliyeandika ni mwanamume. Mimi nikaona fahari. Nikamwambia ni ndugu yangu. Wallahi Kheiria, nilikuwa namsifu. Halafu nikasahau kama nimesema. Au nilijisahaulisha, sijui tena."

"Miaka mingapi uliniapia?"

"Nilikuapia sikumwambia mkubwa yeyote. Ogi hakuwa mkubwa. Alikuwa mtoto wa fundi viatu."

"Na yeye hakusema uongo basi. Alisema hukumsema kwa mkubwa." Kheiria aliyasema maneno hayo polepole, anayapima. "Alilijua neno lile. Alilichagua."

"Alilichagua."

"Haja yako nini?"

"Unisamehe."

Kheiria akalinyoosha buibui magotini. Finjani ilikuwa mezani baina yao, mvuke umekwisha.

"Mimi nilikungoja miaka ishirini na tatu," akasema. "Na wewe ningoje."

Ijumaa Msellem alikwenda Sib kama kawaida. Kheiria alimfungulia. Akammiminia, akampa kwa adabu zote, na yeye akaipokea, akaiweka chini. Walizungumza habari za watoto, habari za mvua ya Ansab. Ilipokaribia magharibi Kheiria akamuuliza kama karatasi ile anayo.

Alikuwa nayo, mfukoni.

"Nisomee pale penye jina la Thabit," akasema. "Pale tu."

Akamsomea. Kahawa ilikuwa imepoa. Kheiria akaiondoa yeye mwenyewe, akaimwaga kwenye beseni, akaisuuza finjani na kuiweka na zile nyingine.