Siokim Aenda Kuitoa Pikapu

Bunhiong alikamatwa saa nane mchana, jua likiwa kali, akitoka harusini kwa mtoto wa binamu yake. Hema la harusi lilikuwa limefunga nusu ya barabara ya kijiji, sahani kumi na mbili za vyakula zilishapita mezani, na kila mtu aliyemjia na gilasi mkononi, Bunhiong hakujua kumwambia hapana. Mkewe Siokim hakwenda. Alikuwa shambani akiyavika matufaa mifuko ya karatasi, maana matufaa ya mkoa wao wa Pingtung ukiyaacha uchi siku tatu tu, nzi wa matunda wameshayawahi. Simu ya polisi ilimkuta juu ya ngazi.

Askari alimweleza kwa utaratibu. Mumewe amepulizishwa kipima ulevi, na kiwango kimepita mara tatu ya kinachoruhusiwa. Atalala mahabusu, kesho afikishwe kwa mwendesha mashtaka. Leseni yake imezuiwa. Pikapu imevutwa hadi yadi ya magari yaliyokamatwa, mjini Chaochou.

"Na kuna jambo lingine, mama," akasema, sauti ikashuka. "Kabla hatujamsimamisha alihamia upande usio wake. Mama mmoja alikuwa anakuja na skuta, amempakia mjukuu. Ilibidi ajitupe mferejini. Ni wazima, lakini nimeona heri ujue."

Siokim alishuka ngazi, akakaa kwenye majani, mifuko ya karatasi ikapeperuka na hakuishughulikia.

Bunhiong alirudi kesho yake jioni. Uso ulimvimba kwa usingizi, si kwa aibu. Kabla hajavua viatu akasema, "Wamenionea! Meza nzima tulikunywa, mbona nimekamatwa mimi peke yangu?"

"Yule mama umemuuliza hali?" Siokim akasema.

"Mama yupi?"

"Aliyejitupa mferejini."

"Aa, huyo! Hata sikumgusa. Watu wa siku hizi wanaanguka wenyewe." Akajimiminia chai. "Keshokutwa mdogo wangu Asui atakwenda kuitoa gari. Wewe utafuatana naye kupiga muhuri wa jina lako, si unajua kadi ya gari ni yako."

Kadi ilikuwa na jina lake kwa sababu shamba lilikuwa lake. Baba yake Siokim ndiye aliyeipanda ile miti, na chama cha wakulima kilimwandika yeye kuwa mmiliki. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja usukani ulikuwa wa Bunhiong, na watu wote waliiita pikapu ya Bunhiong, ile ya buluu yenye taa moja iliyopasuka.

Asubuhi iliyofuata Siokim alichagua matufaa makubwa, mekundu kama damu, akajaza boksi, akapanda skuta yake kwenda kijiji cha pili, alikoelekezwa na yule askari. Yule mama aliitwa Giokhun. Alimkuta uani amekaa kwenye kiti kifupi, goti limefungwa bendeji, na mjukuu wake wa miaka minne amemshika shati kwa nyuma. Mtoto hakuliachia hata bibi yake aliposimama.

Siokim aliinama mpaka kiunoni. "Mimi ni mke wa yule dereva. Nimekuja kuomba radhi. Sina uso wa kukutazama."

Giokhun aliliangalia boksi bila kulipokea. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Siokim akalisogeza boksi mbele kidogo.

"Dada, matufaa hata mimi nalima," Giokhun akasema. "Huyu mtoto tangu siku ile akisikia gari anatafuta pa kujificha. Usiniletee matunda. Niletee neno kwamba yule bwana sitamwona tena barabarani. Unaweza?"

Angeweza kujibu kwa adabu, kama watu wanavyojibu, kwamba atajitahidi. Badala yake alijikuta akisema, "Naweza." Akarudi nyumbani na boksi lake.

Siku ya siku, Asui, mdogo wake Bunhiong, alimkuta Siokim stesheni. Alikuwa na makopo mawili ya bia ndani ya mfuko wa plastiki.

"Za nini hizo saa tatu asubuhi, shemeji?"

"Za kuzimua tu. Jana tulikaa na kaka mpaka usiku, nikawa namfariji." Akacheka. Treni ilipofika Chaochou, makopo yote mawili yalikuwa matupu.

Yadi ilikuwa nyuma ya karakana ya matairi, imezungushiwa mabati. Skuta zilipangwa kwa mamia, vumbi limezigeuza rangi moja. Mlinzi wa lango, Mzee Ngo, mwanajeshi mstaafu, alikuwa anatafuna tambuu na kutema kwenye kikombe cha karatasi. Alichukua kitambulisho cha Siokim, kadi ya gari na barua ya kituo, akamwonyesha pa kupiga muhuri. Siokim akapiga. Mzee akatoa ufunguo kwenye msumari.

"Nani anaiendesha?"

"Mimi," akasema Asui, mkono umeshanyooka.

Mzee Ngo akainamia daftari. Kwa ule ukali wa tambuu mdomoni mwake asingenusa hata pipa la pombe. "Jina?"

Hapo ndipo Siokim alipoona kwamba kukaa kimya ni rahisi sana. Angenyamaza tu, Asui angeandikwa, wangefika nyumbani, ufunguo ungerudi mfukoni mwa Bunhiong, na kila mtu angempenda kama walivyompenda siku zote.

"Huyu amekunywa," akasema.

Kalamu ya mzee ikasimama.

"Shemeji!" Asui akageuka, masikio yamekuwa mekundu. "Unasema nini mbele za watu? Vikopo viwili!"

"Nilivihesabu."

"Kijana," mzee akasema, na Asui alikuwa na miaka hamsini, "kipima ulevi kiko ndani. Nikilete upulize?"

Asui hakutaka kupuliza. Alitaka kupiga simu kwa kaka yake, akapiga, akawa anaongea huku anatembea, na sauti ya Bunhiong ikawa inatoka kwenye simu kama nyuki ndani ya chupa. Asui akamletea Siokim ile simu. Siokim aliitazama, akaikata, akairudisha.

"Basi mama, gari itabaki," akasema Mzee Ngo. "Mpaka mje na mtu mzima kichwani, mwenye leseni."

"Huyo mtu ni mimi."

Akaitoa leseni nyuma ya kadi yake ya matibabu, ilikokaa tangu enzi za usichana wake. Mzee akaiinua kwenye mwanga. Kwenye picha kulikuwa na msichana mwenye nywele za mawimbi na kidevu cha ubishi.

"Huyu ni binti yako?"

"Ni mimi, kabla sijaolewa. Nilifaulu jaribio la kwanza. Wanaume watano walianguka siku hiyo."

"Na tangu hapo umeendesha?"

"Siku sita. Halafu mama mkwe akasema mke akishika usukani mume anakosa uso. Mume wangu akachukua ufunguo, akacheka. Mimi nikacheka pia." Akainyooshea kidole leseni. "Leseni haijafa. Angalia tarehe."

Mzee akaangalia tarehe. Akatema tambuu, akampa ufunguo.

Ndani ya pikapu mlikuwa mnanuka. Nyuma yalikuwa yamebaki makreti mawili ya matufaa ambayo Bunhiong alitakiwa ayafikishe kituo cha ushirika kabla ya harusi. Yalishageuka uji, nyigu wameyazunguka. Siokim aliyabeba mwenyewe hadi kwenye pipa la taka, akapangusa mikono, akapanda, akasogeza kiti mbele mpaka magoti yakakaribia usukani.

Injini ikawaka. Akaachia klachi, gari likaruka kama chura, likazima. Vijana wawili waliokuja kuchukua skuta wakacheka. Akawasha tena. Likazima.

"Mama, huyo punda anataka fimbo!" mmoja akapiga kelele.

"Njoo basi umkalie wewe," akajibu, "au leseni yako iko polisi?"

Mwenzake akacheka mpaka akashika tumbo. Mara ya tatu likazima tena, na safari hii machozi yalimfika Siokim machoni. Hayakuwa ya huzuni. Alikuwa anamkasirikia yule msichana wa kwenye picha, aliyecheka siku aliyonyang'anywa ufunguo.

Mzee Ngo akasogea dirishani. "Taratibu. Mguu wa kushoto uuinue kama unavyoutoa mkono chini ya mtoto aliyelala."

Akafanya hivyo. Pikapu ikatembea.

Asui akakimbia pembeni. "Na mimi je?"

"Panda. Ila ukinifundisha kuendesha nakushusha."

Asui akatazama wale vijana, akatazama kiti cha abiria, akasema atarudi na treni.

Safari ya nusu saa ilimchukua saa moja na robo. Walimpigia honi malori, mabasi, hata kikongwe mmoja mwenye trekta. Siokim hakumpisha mtu kwa hofu. Aliwapisha kwa sheria, na honi alizijibu kwa honi. Alipoingia kijijini gia ya tatu ilikuwa imeshamzoea.

Bunhiong alikuwa amesimama mlangoni, majirani wawili pembeni yake. Asui alishapiga simu. Bunhiong akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Wa nini, Baba Huiling? Leseni huna."

"Safari za hapa shambani na kijijini hazihitaji leseni! Nani atanikamata hapa?"

"Mtoto wa miaka minne naye alikuwa kwenye barabara ya kijiji."

"Umemwaibisha Asui. Umeniaibisha mimi. Unataka watu waseme nini?"

"Waseme gari ni la Siokim." Akaupitisha ufunguo kwenye kamba, akajivika shingoni, ndani ya blauzi, mbele ya macho yao wote. "Na ule wa akiba kwenye droo ya madhabahu ya mababu usihangaike kuutafuta. Niliutoa asubuhi. Niliwaomba radhi wazee wako kwanza."

Jirani mmoja akakohoa kuficha kicheko. Bunhiong aliingia ndani akabamiza mlango, na kwa siku nane hakumsemesha mkewe. Alijipikia tambi mwenyewe, akaziunguza, akala. Siokim alikuwa anaamka alfajiri, anapakia, anakwenda ushirika, anarudi. Siku ya pili aligonga mti wa uani kwa jirani, akaomba radhi, akanyoosha bampa kwa nyundo. Jioni moja alipita kwa Giokhun akampa lile neno alilodaiwa. Giokhun akamkaribisha chai.

Siku ya mahakama Bunhiong alivaa viatu vya harusi na kukaa kiti cha abiria bila kuulizwa. Kabla hawajafika barabara kuu alianza. "Badilisha gia. Sasa. Mbona unakumbatia kulia? Kanyaga—"

Siokim akasimamisha gari kando ya mabwawa ya samaki, akaweka breki ya mkono. "Shuka."

"Unasemaje?"

"Shuka, au funga mdomo. Chagua."

Bunhiong alitazama mabwawa, na barabara ndefu isiyo na kivuli. Akajifanya anafunga mkanda, uliokuwa umefungwa tayari. Hawakusemezana tena mpaka mlango wa mahakama.

"Utanisubiri?"

"Nina makreti ishirini nyuma, na jua hilo. Basi lipo."

"Mimi nipande basi?"

"Wenzako wanapanda."

Alirudi saa kumi na moja, viatu mkononi. Hakimu alimpa kifungo cha miezi mitatu kinachoweza kubadilishwa kuwa kazi za jamii, atafagia fukwe. Siokim alikuwa bandani anachambua matufaa. Bunhiong akaja akasimama mlangoni.

"Kesho nani anapeleka?"

"Mimi."

"Na keshokutwa?"

"Mimi. Na mwakani, na leseni yako ikirudi vilevile, mpaka nione."

Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuchambua. Siokim akautoa mkono wa mumewe kwenye kreti. "Hayo madogo. Weka kule."