Mita Iliyohesabu Nyambizi Ikiwa Imesimama

Marselino alipofungua mfuniko wa nyambizi yake na kutoa kichwa, dada yake Vaileth alitegemea kumwona akicheka. Marselino alikuwa ameichomelea kwa miezi mingi pale Katoro, kutokana na tangi la chuma lenye nafasi ya mtu mmoja aliyekaa. Sasa ilikuwa imezama na kuibuka salama ziwani, kule Nkome, ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye mtumbwi wa rafiki yao Chacha.

"Vipi huko chini?" Vaileth akauliza.

"Kijani kitupu. Mota inaunguruma, lakini kama ninakwenda au nimesimama, sijui. Mpaka kamba ilipokaza ndipo nikagundua nilikuwa nakwenda."

Vaileth ni fundi wa kusuka upya nyaya za mota za pampu za wachimbaji. Alirudi nyumbani na swali hilo kichwani. Mtu asiyeona kitu atajuaje mwendo wake?

Alianza na gurudumu dogo la mapanga bapa, akalibandika sumaku. Ndani ya nyambizi, nyuma ya dirisha la plastiki nene, angeweka mita ya baiskeli: kila sumaku ikipita nje, mita ingehesabu, na chuma kisingetobolewa. Lakini alipolizamisha gurudumu lile kwenye pipa na kulisukuma mbele, lilitikisika tu. Alilichezea hadi akaelewa: maji yaliyapiga mapanga ya juu na ya chini kwa nguvu ileile, basi hakuna upande ulioshinda.

Jibu alilipata Ibadakuli, alipomsindikiza mama mkwe wake uwanja wa ndege. Juu ya mlingoti vilizunguka vikombe vya kupimia upepo. Alivikodolea macho mpaka mama mkwe akamgusa bega.

"Mama Juliana, unasali?"

"Hapana, mama. Natazama migongo ya vile vikombe. Tumbo linashika upepo, mgongo unauachia."

Alikata mipira ya tenisi ya mezani katikati, akapata vikombe vyake, akavifunga kwenye gurudumu badala ya mapanga. Kule Nkome waliifunga nyambizi nyuma ya mtumbwi, Chacha akaivuta kutoka boya moja hadi jingine, umbali waliokuwa wameupima, huku Vaileth akipima muda kwa simu. Walirekebisha mita mpaka mwendo wake ukakubaliana na hesabu ya simu. Marselino akapiga makofi ndani ya tangi, wakamsikia.

Kisha akazama peke yake, akatua chini kwenye tope, akazima mota. Alipoibuka alikuwa amekunja uso.

"Vai, mita yako inaongopa. Nimekaa kama jiwe, yenyewe inahesabu."

"Labda ulitikisika."

"Kwenye tope?"

Vaileth aliichomoa yote, akaizamisha kwenye pipa la maji yaliyotulia. Haikuhesabu kitu. Wakairudisha, Marselino akazama tena, na tena ikahesabu, polepole, bila kukoma.

"Nipishe," Vaileth akasema. "Niingie mimi."

Hakuwahi kuingia humo. Mfuniko ulipofungwa alisikia pumzi zake mwenyewe kwa sauti kubwa, akatamani kugonga atolewe. Tangi lilitua kwa mtikisiko mdogo. Namba zilikuwa zikicheza usoni pa mita. Akawasha tochi, akailenga dirishani.

Nje, vumbi la tope na vipande vya majani vilikuwa vikipita, vyote upande mmoja, bila haraka, kama watu wanaotoka mnadani. Aliwaza kule juu, ambako upepo ulikuwa ukisukuma mawimbi kuja ufukweni. Huku chini safari ilikuwa ya kwenda katikati ya ziwa. Alisahau woga. Alifuata jani moja kwa macho mpaka likatoweka, akatafuta jingine, na kamba ilipovutwa kumwuliza kama yu mzima, alijibu kwa kuivuta ili waendelee kusubiri.

"Haiongopi," alisema alipotoka, nywele zimemganda usoni. "Wewe umesimama, maji ndiyo yanatembea. Labda yale yanayosukumwa ufukweni yanarudi kwa chini."

Marselino aliutazama uso wa ziwa. "Kwa hiyo inanipimia mwendo wangu ndani ya maji tu. Mwendo wangu halisi, juu ya tope la chini, bado siujui."

"Utaujua. Tua kwanza, usome maji yanakwendaje. Ukielekea katikati ya ziwa, jumlisha. Ukirudi, toa."

Akafanya hivyo. Alisoma, akawasha mota, akaelekea boya la mbali bila kuliona, akipiga hesabu kwa sauti. Kwenye mtumbwi Vaileth na Chacha walilitazama boya. Nyambizi iliibuka ikiwa imelipita boya kidogo, na mfuniko ukafunguka.

"Liko wapi?" Marselino akapaza sauti.

"Nyuma yako!" Vaileth akajibu. "Geuka!"

Aligeuka, akaliona, akanyoosha mkono mpaka akaligusa.