Lazima Ikawa Hiari

Wodi nzima ilimwita muuguzi yule Bi Haiumi, maana hakuwahi kumdunga mtoto sindano bila kumdanganya kwanza kwa neno hilo. Leo alikuwa mbele ya kamati ya hospitali, mikono mapajani, akisubiri kufukuzwa kazi. Mtoto wa wodini kwake alipewa dozi ya mtu mzima. Amepona, Mungu ashukuriwe, lakini fomu yake haikuwa na uzito wa mwili, ambao ndio hupimia dozi.

"Nilisahau kuuandika," alisema. "Ila mtambo wa kompyuta hukataa fomu isiyo na uzito. Hii uliipokea."

Kamati ikamgeukia fundi wa kompyuta. "Mtambo una kasoro?"

Fundi, bingwa wa kuwacheka wenzake wakisahau nywila, aliivuta kompyuta yake karibu. Kasoro aliijua vizuri. Fomu zote husafiri kama faili za XML, na kila moja hupimwa kwa skima, yaani faili ya kanuni inayosema kipi lazima kiwepo. Zamani skima hiyo ilisomwa mtandaoni, kutoka makao makuu. Mtandao ulipozidi kukatika, fundi akapakua nakala, akaiweka kwenye kompyuta ya hospitali, na ukaguzi ukawa unaisoma hiyo. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu.

Lakini nakala ikiwa mkononi mwako, nani atakuona ukiichezea? Siku moja mizani ya wodi iliharibika, fomu zikakataliwa, foleni ya dawa ikafika getini. Akaifungua nakala yake, na palipoandikwa uzito ni lazima, akaandika hiari. Ya saa moja tu, alijiambia. Mizani ikatengenezwa, yeye akasahau. Ikapita miezi minne. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona mwenyewe.

Tangu juzi alikuwa ameshaiona ile hiari, akanyamaza. Angeweza hata kuifuta, kisha aseme mtambo ni mzima. Alijichukia kwa kuliwaza hilo.

Bi Haiumi alimwona anavyositasita, akadhani anaona haya kumshitaki mtu mzima. Akamwekea mkono begani.

"Sema tu, mwanangu," akamnong'oneza. "Haiumi."

Fundi akaigeuza kompyuta iwaelekee, akaweka kidole juu ya neno hiari. "Hili nililiandika mimi. Yeye alisahau siku moja. Mimi nimesahau miezi minne."

Bi Haiumi akalisoma neno lile mara mbili. Kisha akautoa mkono wake begani.