Kulwa na Doto wa Upande wa Kusini

Mwalimu Kabula alikuwa na ugonjwa wa walimu wa fizikia: akisikia kosa, hatulii mpaka alisahihishe. Ndiyo maana, alipokuja Mwandoya kwa likizo ya Krismasi, alishindwa kunyamaza pale mama yake, Milembe, alipoacha kumenya karanga baada ya chakula cha jioni, akatazama angani upande wa kusini na kusalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, Kulwa. Mwadila, Doto."

Huko kusini, juu ya mashamba, yalionekana madoa mawili meupe, moja kubwa na jingine dogo, kama pamba iliyodondoka njiani.

Kulwa na Doto walikuwa watoto pacha wa Milembe, waliofariki kabla Kabula hajazaliwa. Mmoja alifia nyumbani, akazikwa uani. Mwenzake alifia hospitalini Bariadi siku ya tatu baada ya hapo, mvua imekata barabara, akazikwa huko huko na watu baki. Kwa Wasukuma pacha hufanyiwa kila kitu pamoja. Hata kunyolewa, wananyolewa siku moja. Hawa walitenganishwa kaburini, na Milembe hakuwahi kujisamehe. Kilichomfariji ni yale madoa mawili, aliyoamini kuwa ndio wanawe.

"Mayu, zile ni galaksi," Kabula alisema. "Ni majirani wa galaksi yetu. Kila moja ina nyota zisizohesabika. Zilikuwepo kabla ya binadamu."

Mama akashusha macho kwenye ungo wa karanga. Kabula akatamani ardhi ipasuke immeze. Faraja ya miaka thelathini na kitu ameivunja kwa sentensi nne, na wala hakuna aliyemuuliza.

"Kumbe siyo wao," Milembe alisema taratibu.

"Siyo wao, mayu. Nisamehe."

Mama akamenya karanga mbili tatu. "Wewe umesoma, mwanone. Usinidanganye ili nifurahi. Hizo mbili, zimetengana?"

Kabula akatazama tena yale madoa mawili. Jibu alikuwa nalo. Alilifundisha mwezi wa kumi, nusu ya darasa ikisinzia.

"Hapana," alisema. "Kwa macho hatuoni, lakini katikati yake kuna daraja la gesi na nyota. Zimeshikana, mayu. Zinasafiri pamoja."

Milembe akajifuta macho kwa pindo la kanga. Alilia kidogo, bila kujificha. Kisha akainua uso.

"Mwadila, Kulwa," alisema, akamtazama binti yake.

"Mwadila, Doto," mwalimu wa fizikia akamalizia.